Resori ya Kushoto

Daftari langu la kazi la miaka ile bado ninalo. Katika shule ya ufundi ya mapadri tulifundishwa kuandika kila kazi siku ileile: gari gani, nini kimevunjika, nini kimewekwa. Nimeifuata kanuni hiyo maisha yangu yote, isipokuwa mara moja. Ukurasa wa siku hiyo unasema: "Gari jekundu la ajenti wa pamba. Resori mbili za nyuma zimevunjika. Zimewekwa za kufuliwa na mhunzi. Ya kushoto imekatika njiani." Chini yake pameachwa patupu.

Nilikuwa fundi katika gereji moja ya Kasongo, miaka michache kabla ya Uhuru. Gari hilo lilikuwa la mashindano. Ajenti alilinunua kwao Ulaya likiwa limekwisha kuzeeka, akalileta kwa meli na kwa treni. Lilikuwa fupi, la viti viwili, na mlio wake ulifanya watu sokoni waache kupatana bei mpaka lipite. Tuliliita Pilipili. Lilitengenezwa kwa ajili ya njia laini, lakini yeye alilikimbiza kati ya Kasongo na Kabambare, juu ya mashimo na madaraja ya magogo. Resori zake zilikuwa mabamba ya chuma yaliyopindwa kama upinde na kupangwa moja juu ya jingine. Gari zima lilikaa juu ya hayo.

Kiangazi kimoja ilikuja habari kwamba Pilipili limekaa chini katika kijiji kimoja, mbele kidogo ya Lusangi. Bamba kuu lilikuwa limekatika pande zote mbili. Kuagiza mengine Ulaya kungechukua miezi. Nilipanda kamyo ya mizigo, nikabeba mabamba mawili ya resori ya kamyo iliyokufa, kwa sababu katika kijiji hicho aliishi mjomba wangu, kaka wa mama, naye alikuwa mhunzi.

Ajenti, aliyekuwa akingoja kando ya gari lake, alisikiliza shauri langu la kumpa mjomba kazi hiyo, kisha akasema, "Kama chuma cha huyo mzee kitanifikisha Kasongo, nitamwombea karatasi kwa mtawala."

Karatasi hiyo ndiyo mjomba aliyoitamani kuliko kitu chochote. Miaka ile kila mwanamume mzima alilazimishwa kulima shamba la pamba. Mjomba naye alilima, na wakati wa palizi kiwanda chake cha uhunzi kililala baridi. Mara moja alikutwa akifua majembe siku ya pamba, akafungwa wiki mbili. Mafundi wachache waliopewa karatasi waliachwa wafanye kazi yao.

Mjomba aliponiona nikija na mabamba alipaza sauti, "Fungeni kuku! Mwizi wangu amefika!"

"Mujomba, kuku zako zimekonda. Leo nakuletea kazi."

"Mwizi wa kuleta! Hiyo sijaona."

Kwetu ndivyo ilivyo. Mpwa huingia kwa mjomba wake akachukua anachotaka bila kuomba, na mjomba hashitaki wala hadai kirudishwe. Anaweza kulalamika na kutukana kwa mzaha, basi. Tangu utotoni nilikuwa nimechukua kwake kuku, visu, hata shati.

Siku ya kwanza tulifanya upande wa kulia. Niliinua gari kwa kriki, nikaliweka juu ya magogo. Boliti zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Nilizilowesha kwa mafuta ya taa nikangoja, nikazigonga, nikalowesha tena. Resori ilipotoka niliviunganisha vipande vya bamba lililokatika, na mjomba akachora upinde wake kwa mkaa juu ya ubao. Jirani yake akavuta mivukuto. Bamba la kamyo lilikuwa nene, hivyo mjomba alilifua mpaka likawa jembamba, akalipinda, akalilaza juu ya mchoro, akalirudisha motoni. Hakuwa na kipimo ila ubao na jicho lake. Mwishowe alilitumbukiza likiwa jekundu katika mtungi wa mafuta ya mawese, na kiwanda kizima kikanuka kama jikoni.

Kisha akalifukia katika shimo la majivu ya moto, akafunika kwa vigae, akachomeka tawi bichi kando ili mtu asiruke juu yake.

"Sasa ilale. Mpaka kesho."

Chuma kikilala, yeye hakulala nyumbani kwa mkewe, hakula chumvi, na alikwenda mtoni kuoga. Nilisimama na ovaroli yangu ya gereji, nikaona haya kwa niaba yake. Nilijiambia kwamba hayo ni mambo ya wazee.

Asubuhi ya pili bamba la kulia lilitoka, nikalifunga, likakaa vizuri. Mjomba akafua la kushoto, akalifukia kabla ya jua kufika kichwani, akaenda mtoni.

Ajenti alikuwa akitembea huku na huku. Jioni ile alikuwa na wageni Kasongo.

"Ile ingine iko wapi?"

"Inalala, Bwana."

"Chuma inalala?" Alicheka mpaka akashika mlango wa gari. "Na weye fundi, unasadiki?"

Niliingia kiwandani, nikang'oa tawi, nikalivuta bamba kwa koleo, nikalimwagia maji lipoe. Mjomba aliporudi, nywele zake bado zikichuruzika, alinikuta chini ya gari nikikaza boliti.

"Mupwa. Umeitoa?"

"Mwizi wako amepita, mujomba."

Waliokuwapo walicheka. Yeye hakucheka. Alichuchumaa karibu na uso wangu akasema polepole, "Hii haiyalala. Irudishe."

"Muzungu iko na haraka."

"Atangoja, kama ni weye unamwambia."

Nilikaza boliti ya mwisho. Aliinuka, akatazama shimo lake, akaondoka. Kwa desturi yetu hakuwa na neno jingine la kusema, nami nililijua hilo nilipotoa mzaha wangu.

Ajenti aliniketisha kando yake. Lusangi tuliipita salama. Kwenye daraja la magogo lililofuata ulilia mshindo kama wa bunduki, gari likalala upande wa kushoto, likateleza mpaka ndani ya shamba la mihogo. Hatukuumia. Taa moja ilipasuka. Nilitambaa chini, nikaona bamba la kushoto limekatika pasipo kupinda hata kidogo, na mahali pa kukatika palimeta punje nyeupe kama chumvi ya mawe.

Hapo hapo nilielewa. Shuleni tulikuwa tumefundishwa kwa Kifaransa: chuma cha resori hutiwa moto, huzimwa ghafla, kisha hupashwa tena polepole, la sivyo huvunjika kama kioo. Niliyaandika maneno hayo na nilipata alama nzuri. Lakini mjomba alipoyafanya kwa majivu, mbele ya macho yangu, sikuyatambua.

"Ni kazi ya yule mushenzi mzee, sivyo?" ajenti aliuliza.

"Ndiyo, Bwana."

Neno hilo ndilo sikuliandika.

Karatasi haikuombwa. Palizi iliyofuata mjomba alikuwa katika shamba la pamba, na iliyofuata pia. Mchwa walikula mbao za mivukuto. Nilipata habari zake kwa watu waliokuja Kasongo sokoni, mwenyewe sikwenda.

Baadaye ajenti alirudi kwao, na Pilipili likaletwa gerejini kuvunjwavunjwa. Mimi ndiye niliyefungua resori ya kulia. Bamba la mjomba lilikuwa bado na upinde wake. Nililigonga kwa nyundo, likalia vizuri. Nililifunga kwenye gunia nikapanda kamyo.

Nilimkuta kando ya shamba, anafunga mzigo wa pamba. Alikuwa amekonda.

"Mwizi wangu," alisema. Hakupaza sauti.

Nilimpa gunia. Alilipapasa lile bamba mwanzo hadi mwisho.

"Ile ya kulia?"

"Ya kulia, mujomba. Haikukatika kamwe. Ile nyingine niliharibu mimi, nami nilimwambia muzungu ni weye."

"Nilijua. Shimo langu lilikuwa wazi, na dereva mmoja wa kamyo aliniletea maneno ya muzungu kutoka Kasongo."

"Kwa nini haukwenda kusema?"

"Kusema nini? Mupwa wangu ameniibia?" Alitabasamu kidogo, kisha akaacha. "Weye ulikuwa na kazi. Tungepoteza kazi mbili?"

Nilimwambia tutengeneze mivukuto, nitaleta mbao na ngozi kutoka Kasongo. Alinionyesha mkono wa kulia. Vidole viwili havikukunjika tena.

"Hii chuma iko muzuri," alisema. "Peleka kwa mhunzi wa Lusangi, anifulie jembe. Langu limeisha, na kulima iko karibu." Nilipoinuka na gunia aliongeza, "Mwambie ailalishe. Na weye ungoje huko."

Nilingoja huko Lusangi mpaka asubuhi, kisha nikampelekea jembe lake la pamba.