Mbegu za Mama na Ngazi ya Miwa

Niliporudi kijijini kwetu Mhezi baada ya kuhitimu chuo cha ualimu, mama alinipokea kwa ndizi zilizopikwa na maharage, akaniacha nile nishibe, ndipo akaniambia kwamba panya walikuwa wameanza tena kula mbegu.

"Zimebaki hizo," alisema, akanyoosha kidole juu.

Mahindi ya mbegu kwetu hufungwa kwa maganda yake na kutundikwa kwenye mti mrefu unaoning'inia juu ya jiko, ili moshi uyakaushe na kufukuza wadudu. Wadudu walikuwa wamekimbia kweli. Panya moshi ule hawakuujali. Magunzi kadhaa yaliyokuwa pembeni yalibaki meupe, yamegugunwa kama meno yaliyong'oka.

Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa hasara ya kawaida. Kwa mama ilikuwa habari ya shamba. Marehemu baba alimwachia shamba moja zuri, lililo chini ya ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya mfereji ambalo kila nyumba ina zamu yake ya kulifungua. Mwaka uliotangulia panya walikula mbegu, mama akapanda nusu tu, nusu nyingine ikaota magugu. Baba mkubwa, kaka yake baba, alisimama pale shambani mbele ya watu akasema shamba linalokunywa maji ya ndiva halilazwi bila mbegu. Kama vuli hii nayo litabaki nusu, ukoo utamtafuta mwenye nguvu ya kulilima. Kwenda kuomba mbegu kwa jirani kungekuwa sawa na kumkabidhi baba mkubwa jembe.

Nilisikia hayo nikaacha kula. Nilianza kuwaza panya mmoja anakula kiasi gani, je ni mmoja, na wakizaa, na mvua zikichelewa. Mama alinitazama akacheka.

"Maliza chakula kwanza, mwalimu. Panya hawali mchana."

Bwana afya wa serikali alikuwa amepita barazani akigawa dawa ya panya kwenye karatasi ndogo. Mama aliikataa. Ng'ambo ya bonde, nyumba moja iliitumia, wakafa kuku na paka, na panya wenyewe wakafia ndani ya nyasi za paa, nyumba ikanuka hadi wenye nyumba wakahamia kibanda cha mbuzi. Na hapa kwetu alikuwapo mtoto wa dada yangu, aliyekuwa anatambaa.

"Huyu anatia kila kitu mdomoni," mama alisema. "Tayari ametafuna kiatu chako. Sitaki sumu ndani ya nyumba hii, wala mtego. Atie kidole nifanyeje?"

Mimi pia sikuitaka. Nikisikia panya analia mtegoni silali. Basi tulikubaliana kwamba panya waondoke wakiwa hai, ingawa hatukujua kwa njia gani.

Nilianza vibaya. Niliwahi kusikia kwamba kivumbasi kwa harufu yake hufukuza panya, nikachuma mzigo mzima, nikauchomeka kila pembe ya nyumba. Asubuhi mama alipokuwa akifagia nyuma ya mtungi alikuta majani yale yamekusanywa vizuri, yamepangwa mviringo, na katikati pamelaliwa.

"Umewaletea godoro," alisema, akakaa chini kwa kicheko.

Sikucheka. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza jambo jingine: sote tulikuwa tunawafukuza panya bila kujua wanaingilia wapi. Kila mtu alisema mlangoni, au kwenye tundu la chini ya ukuta. Nani aliwaona? Jioni ile nilichukua majivu ya jikoni, nikayachekecha, nikayatandaza mlangoni, kwenye kila tundu, na hata juu ya ukuta, pale boriti za paa zinapoegemea. Mama aliniuliza kwa nini ninapaka nyumba unga. Nikamwambia asubiri.

Kulipokucha, majivu ya chini yalikuwa safi kabisa. Juu ya ukuta wa nyuma kulikuwa kumechafuka kwa nyayo ndogo kama vidole vya mtoto, zikija na kwenda. Nilirudia jioni iliyofuata ili nisije nikajidanganya, kisha nikarudia tena. Jibu lilikuwa lile lile. Panya hawakuingia kwa miguu kutoka chini. Walishuka kutoka juu.

Nikazunguka nyuma ya nyumba, na pale nikatamani nisingekuwa nimeona nilichokiona.

Ukuta ule wa nyuma ulikuwa umeegemezwa miwa. Mzigo mkubwa, mirefu, ncha zake zimezama ndani ya nyasi za paa, na mashina yake yamegugunwa. Ilikuwa miwa ya baba mkubwa. Yeye alikuwa mzee wa kanisa, na nyumba yake ilikuwa kando ya njia anayopita mchungaji. Dengelua, pombe yetu ya miwa, kanisani ilikatazwa, na nyumbani ilipendwa. Basi baba mkubwa alihifadhi miwa yake nyuma ya nyumba ya shemeji yake, ndani ya migomba, ambako mchungaji hakuwa na sababu ya kufika. Kijiji kizima kilijua, na hakuna aliyesema. Mama naye angemwambiaje kaka wa marehemu mumewe aondoe mzigo wake?

Kwa hiyo aliyetishia shamba la mama kwa sababu ya panya ndiye aliyewawekea panya ngazi, na chakula cha kula njiani.

Nilitunga maneno ya kumwambia, nikayafuta, nikatunga mengine. Nikinyamaza, mbegu zitaisha. Nikisema vibaya, nitakuwa kijana aliyesoma akarudi kumtukana mzee. Mwishowe niliogopa zaidi kuendelea kuwaza kuliko kwenda, nikaenda.

Nilimkuta uani akinoa panga.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Mwalimu wa panya! Umekuja kuwafundisha na wa kwangu?"

"Hapana, baba mkubwa. Nimekuja kuomba msaada wa kuhamisha zile kuni."

"Kuni gani?"

"Zile za nyuma ya nyumba ya mama. Zenye majani marefu."

Panga likasimama juu ya jiwe. Alitazama njiani, kisha akanitazama mimi.

"Kuni zile zina shida gani?"

"Panya wanazipanda mpaka paani. Wanakula utamu wa kwanza nje, wa pili ndani. Nimeona nyayo zao kwenye majivu. Na nilikuwa nawaza, bwana afya akija kukagua panya atauliza kuni hizo ni za nani. Mama hajui kusema uongo."

Haki ya Mungu sikusema hivyo ili kumtisha. Nilikuwa nimeliwaza jambo hilo kwa uchungu, nikimhurumia mama. Lakini mle jikoni mama mkubwa, mkewe, aliangua kicheko hadi mwiko ukaanguka.

"Chuoni ndiyo mnafundishwa haya?" baba mkubwa aliuliza.

"Hapana. Haya nimeyawaza mwenyewe."

"Unawaza sana, kijana."

"Ndiyo, baba mkubwa."

"Mwache awaze!" mama mkubwa alipaza sauti. "Na akimaliza kwao aje awaze na hapa."

Kesho yake, jua lilipochomoza, ukuta wetu wa nyuma ulikuwa mtupu.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na sijawahi kufurahia kazi kama ile. Nilikata majani ya migomba yote yaliyogusa paa. Mama alikanda udongo na samadi, mimi nikapanga mawe, tukaziba nafasi iliyo kati ya ukuta na nyasi pande zote, isipokuwa tundu moja. Hilo nililiacha makusudi. Kama kulikuwa na panya ndani mwenye watoto, awapitishe wapi? Nilitandaza majivu mbele ya tundu hilo, nikawa nasoma kila asubuhi. Siku nyayo zilipoonyesha kutoka tu bila kurudi, na asubuhi zilizofuata majivu yakabaki laini, tuliliziba.

Bado sikuamini. Nilichukua debe bovu la mafuta ya taa, nikalikata, nikaligonga kwa jiwe, nikapata visahani viwili vipana. Mti wa mbegu ulining'inia kwa kamba mbili, nikapitisha kila kamba katikati ya kisahani, kikakaa kama kofia juu ya mbegu.

"Sasa umewajengea na mwavuli," mama alisema.

Jioni moja, moto ukiwa umefifia, alinishika mkono ghafla. Panya mmoja, sijui alijificha wapi siku zote hizo, alikuwa anateremka kamba. Akafika kwenye bati. Akanusa. Akaweka mguu, ukateleza. Akajaribu upande wa pili, akateleza tena, safari hii akaanguka chini karibu na mlango uliokuwa wazi, akatoka mbio kuelekea migombani. Mama alipiga vigelegele hadi jirani akauliza ng'ambo ya uzio nani ameolewa.

Mvua za vuli zilikuja kwa wakati wake. Zamu yetu ya ndiva ilipokaribia, ndugu na majirani walikuja kusaidia kulima, na baba mkubwa akiwemo. Mama hakwenda kuzishusha mbegu peke yake. Aliwaita wote jikoni, akaushusha mti mbele yao, akamenya hindi moja baada ya jingine. Punje zilijaa kutoka kwenye kitako hadi kwenye ncha, zimekauka, zina rangi ya moshi. Tangu tulipoziba paa hakuna hata moja iliyoguswa.

Tulipanda kuanzia kwenye mfereji hadi kwenye mawe ya mpaka. Baba mkubwa alisimama mwisho wa shamba, akalitazama.

"Shemeji," mama alimwita kwa sauti ya kusikika, "tazama vizuri. Kama kuna mahali palipolala, paamshe."

Watu walicheka, na yeye pia, mabega yakitikisika, kisha akainama kufukia mashimo ya mstari wa mwisho, na wengine wakaanza wimbo.

Nami nilikuwa nimeshaanza kuangalia miti ya juu ya shamba.

"Mama," nilinong'ona, "ngedere je? Wakizifukua?"

Alinifuta udongo kwenye paji la uso kwa kidole gumba.

"Ngedere tutawawaza kesho," alisema. "Leo shamba limejaa. Imba na wenzako."