"Watu wa pango" walivyofungiwa milango Bariadi

Jumamosi, Juni 14, 2025. Bariadi imeamka na baridi kavu. Upepo unavuma kutoka upande wa Serengeti, umebeba vumbi na nyuzi za pamba zilizodondoka kwenye malori ya jana, na anga ni jeupe tangu alfajiri.

Saa mbili asubuhi, Nyamizi Ngassa anaanika mashuka katika ua wa gesti ya Rehana Maftaha, nyuma ya soko. Anabana kibanio kimoja, anageuka kutazama geti. Anabana kingine, anageuka tena.

Anawasubiri wenye gesti. Saa tatu wanatakiwa wafike, wakae kwenye viti vya plastiki alivyowapangia kivulini, kisha waseme kama watatoa vyumba au hawatoi. Saa saba mchana anafika mgeni kutoka Dar es Salaam, Januarius Mihayo, katibu wa umoja wa watu wanaoingia mapangoni. Yeye ndiye atakayeamua kama mkutano wao mkuu wa Septemba utafanyika hapa au utapelekwa mkoa mwingine.

"Wakija hata watano, tumepona," anasema Nyamizi huku akikung'uta foronya. "Wasipokuja, mkutano unaondoka, na aliyeufukuza ni mimi."

Hasemi hivyo kwa unyenyekevu. Wiki tatu zilizopita, kwa neno moja tu, mama huyu alifunga milango ya karibu gesti zote za mji huu.

Nyamizi ana miaka 43. Ni mzaliwa wa Ipililo, wilayani Maswa, na elimu yake iliishia darasa la tano. Kazi yake ni kutandika, kudeki na kufua. Mshahara ni shilingi 130,000 kwa mwezi, na kwa hizo, pamoja na mahindi ya shamba la mama yake, amefikisha watoto wawili sekondari.

Mapango aliyajua kwa uchafu wake. Miaka minne iliyopita, wageni wanne walilala gestini hapo, wakamletea suruali za kufua zilizoganda udongo mweusi wenye harufu ya kuchoma pua.

"Nikawauliza, jamani, mmetoka kuchimba choo?" anasimulia. "Wakacheka mpaka wakakaa chini. Mwalimu Athanasi akaniambia, mama, hayo ni mavi ya popo. Jumapili ukitoka kanisani, njoo uone yanakotoka."

Athanasi Sayi ni mwalimu wa sekondari na mwenyekiti wa kikundi kidogo cha wapenda mapango mkoani Simiyu. Jumapili hiyo alimpakia Nyamizi kwenye pikipiki hadi kilima cha Ng'wagindu, nje kidogo ya mji. Kwa mbali kilima hicho ni majabali tu yaliyolaliana. Chini yake kuna njia: nyingine unapita umesimama, nyingine unapita kwa tumbo kama kenge.

"Tulipofika ndani kabisa, mwalimu akasema tuzime taa," anakumbuka Nyamizi. "Nje, mtu akitaka kusali anafumba macho. Mle ndani hata ukifumbua, bado umefumba. Nikasali nimefumbua. Sijawahi kusali vile maisha yangu yote."

Tangu siku hiyo, Jumapili yake ina ibada mbili. Akaingia kwenye kikundi, akawa mwanachama wa tisa. Tajiri yake Rehana alimwona akiondoka kila Jumapili kwenda milimani, akaamini anakwenda kwenye maombi, kama wanavyofanya Wakristo wengi wa hapa.

"Sikuuliza," anasema Rehana. "Mtu na Mungu wake, utamuuliza nini?"

Mwezi wa nne, habari njema ikafika: umoja wa taifa ulikuwa tayari kuleta mkutano Bariadi. Watu themanini. Nusu walale vyumbani, nusu kwenye mahema karibu na kilima. Sharti likawa moja: kabla ya nusu ya Juni, kikundi kionyeshe vitanda na uwanja.

"Kazi ya malazi tulimpa Nyamizi kwa sababu ndiyo kazi yake kila siku," anasema Athanasi. "Sisi wengine tukabaki na kamba na taa."

Nyamizi akavaa kitenge chake cha harusini, akaanza kupita gesti kwa gesti. Ya kwanza ilikuwa ya Abubakari Kulwa, mfanyabiashara anayejulikana mjini kwa utani na kwa kutopitwa na senti.

"Natokea kamati ya pango ya mkoa," Nyamizi alimwambia. "Naomba kujua una vyumba vingapi, na kwa usiku mmoja unapokea shilingi ngapi."

Abubakari aliweka kikombe chake cha kahawa chini taratibu.

"Vyumba vipi, mama? Hapa ni nyumbani kwangu. Naishi na ndugu."

Papo hapo mlango namba sita ukafunguka, akatoka mwanaume kajifunga taulo, mswaki mdomoni.

"Na huyu?" aliuliza Nyamizi.

"Shemeji."

Mlango namba nane nao ukafunguka. Akatoka mwingine, begi mgongoni, akaweka ufunguo mezani na kuaga.

"Na huyo?"

"Shemeji yake shemeji."

Bango lililoandikwa VYUMBA VIPO lilikuwa juu ya kichwa chake wakati anasema hayo. Kesho yake halikuwepo.

Mambo yakawa hivyo mtaa kwa mtaa. Gesti moja ilikuwa "imegeuzwa ghala la choroko". Nyingine ilikuwa "na msiba", ingawa redio ilikuwa inapiga muziki wa harusi. Kufikia jioni, mji mzima ulikuwa umeshapeana habari: watu wa pango wameingia, wanahesabu vyumba.

Nyamizi hakuelewa. Alielewa kidogo tu aliporudi kazini na kumkuta Rehana amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nyamizi, umekula chumvi yangu miaka tisa," alimwambia. "Leo unaniuza kwa watu wa kodi?"

"Kodi gani, mama Rehana?"

"Usinifanye mtoto. Kodi yangu mimi nalipa. Lakini mtu akija kuhesabu, hata asiyedaiwa hutetemeka. Nenda nyumbani kwanza. Nikikuhitaji nitakuita."

Nyamizi alilia njia nzima, na hafichi hilo. "Nililia kwa sababu sikujua kosa langu. Ukijua kosa unatubu. Usipolijua, unatubu nini?"

Siku tatu baadaye, bila kazi na bila vyumba, alikwenda Ng'wagindu kutazama uwanja wa mahema. Chini ya kilima hicho kuna ngitili ya Mayige Salu, mfugaji. Ngitili ni malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa masika, ng'ombe wasiguse, ili kiangazi kikikaza majani yawepo. Kuomba kupiga mahema kwenye ngitili ya mtu ni sawa na kuomba kulala ndani ya ghala lake la chakula.

Lakini Mayige hakusita. Kijijini pango ni pango, tundu la jiwe lenye popo, na kila mtu analijua.

"Mahema yaje," alisema. "Ila Septemba majani yatakuwa makavu, cheche moja tu itatuchoma sote. Kwa hiyo upande huu nitafungulia ng'ombe mapema, wayale majani mpaka yabaki mafupi, ndipo wageni walale. Upande wa pili tunaufunga. Na moto wote uwashwe nyumbani kwangu, siyo uwanjani."

Aliongeza masharti mawili: hakuna kupiga mluzi ndani ya pango, na tundu la mashariki, walikokuwa wakitambika babu zake, lisiguswe. Nyamizi aliyakubali yote.

"Wabeja bhabha," alimshukuru kwa Kisukuma. "Lakini uwanja peke yake hautoshi. Mjini wananikimbia."

"Unawaambiaje?"

"Nawaambia natokea kamati ya pango, nataka kujua vyumba."

Mayige alimtazama, kisha akaanza kucheka, kwanza pole pole, halafu kwa mwili mzima, mpaka ndama aliyekuwa karibu akashtuka.

"Mayu, mama yangu, sikiliza," alisema akijifuta machozi. "Nina kijana Lamadi, anauza samaki. Kila akipiga simu analia: baba, nitumie hela ya pango, baba, pango limenishinda. Mimi mwaka mzima nilisikitika, nikajua mwanangu analala na popo. Nikauza beberu ajenge kibanda. Kumbe pango, kwa watu wa mjini, ni kodi ya chumba!"

Nyamizi anasema alikaa chini palepale, kwenye majani ya watu.

"Neno nililijua," anasema. "Nalisikia redioni, kodi ya pango, kodi ya pango. Lakini kwa miaka minne, pango kwangu lilikuwa mawe na popo tu. Nimepita mji mzima nimevaa kitenge kizuri, nikiwaambia watu nimetoka kamati ya kodi, nihesabie vyumba vyako! Hata mimi ningetoa bango."

Angeweza kwenda kwa Rehana na maelezo. Hakutaka maelezo. Jumapili iliyofuata aliingia Ng'wagindu na wenzake, akatambaa kila mahali panapotambalika, na alipotoka hakunawa. Alipanda pikipiki vilevile, kofia ngumu yenye taa kichwani, ovaroli nyeusi kwa mavi ya popo, akashukia mlangoni kwa Rehana.

"Nilimnusa kabla sijamwona," anasema Rehana. "Nikasema, Ya Rabi, nini kimekufa? Nikatoka. Nikamwona na ile kofia. Akaniambia, mama, mimi ni mtu wa pango, pango lenyewe ndilo hili. Nikamzunguka mara mbili. Moyoni nikasema, hapana. Mtu wa kodi hawezi kunuka hivi."

Wote wawili walicheka hadi wapangaji wakachungulia madirishani. Rehana alimchotea maji ya kuoga kwa mkono wake, kisha akachukua simu, akaanza kuwapigia wenye gesti mmoja mmoja.

Ndiyo maana Jumamosi hii kuna viti kivulini.

Saa tatu kamili hayupo mtu. Saa tatu na nusu anaingia mmoja, anachagua kiti cha karibu na geti. Halafu wanaingia watatu pamoja, kisha wawili. Wa mwisho ni Abubakari, ambaye hakai.

"Nionyeshe kwanza hiyo kofia," anasema.

Nyamizi anamletea. Abubakari anaiwasha, anaizima, anainusa, anairudisha haraka.

"Hao watu wanatoa nauli mfukoni mwao, waje huku, waingie shimoni?"

"Ndiyo."

"Hawatafuti madini?"

"Hawatafuti kitu. Wanaingia, wanapima, wanatoka."

Abubakari anawageukia wenzake. "Jamani, mtu anayelipa ili akatambae kwenye mavi ya popo, huyo pesa anayo." Ndipo anakaa.

Mama mmoja mwenye gesti ya stendi anauliza swali la maana kuliko yote: mashuka yake meupe yatakuwaje? Nyamizi analo jibu, maana mikono inayofua ni yake. Hakuna atakayeingia mjini na nguo za pangoni. Kwa Mayige kutakuwa na mapipa ya maji na mabafu ya turubai. Mgeni ataoga, atabadili, kamba na ovaroli zitabaki hukohuko kwenye uzio.

"Na muwaambie mapema," anaongeza Rehana, "alfajiri wataamshwa na adhana, na Jumapili na kwaya. Asiyetaka akalale na ng'ombe wa Mayige."

Walikuja saba. Vitanda vilivyotolewa ni arobaini na sita.

Saa nane mchana, Januarius Mihayo ameshakagua vyumba, na sasa amesimama kwenye ngitili ya Mayige. Wenye gesti wamemfuata kwa bajaji mbili, viatu vyao vya mjini vikizama kwenye vumbi. Katibu anatazama sehemu iliyotengwa kwa mahema, mahali pa vyoo, kisima na kilima. Anauliza kuhusu upepo, na Mayige anamweleza. Anauliza kuhusu nyoka, na Mayige anamweleza pia, kwa urefu kuliko alivyotaka.

Kisha anakunja mikono ya shati.

"Nimezunguka mikoa mitatu," anasema. "Kote nilionyeshwa hoteli. Hapa nimeonyeshwa watu. Septemba tunakuja Bariadi."

Vigelegele vya wake wa Mayige vinapanda mpaka kwenye majabali na kurudi. Athanasi anarusha kofia juu. Nyamizi amefunika uso kwa viganja viwili, midomo inacheza bila sauti, na Rehana amemshika bega, anamsubiri amalize.

Akimaliza, anasema lililo moyoni. Posho atakayopewa kwa kazi hii ya malazi ataiweka, anunue mahema yake mwenyewe, aanze na matano, awe anakodisha kwa watalii wanaopitia Lamadi kwenda Serengeti. Anataka wageni wa Ng'wagindu wasiwe wa mwaka mmoja. "Mungu hakuyapanga haya mawe ili yakae na popo peke yao," anasema.

Ndipo Abubakari anapokohoa.

"Sisi tunapokea watu wa mashimo, na wenyewe shimo hatulijui," anasema. "Mgeni akiniuliza asubuhi, ndani kukoje, nimjibu nini? Nimwambie nenda kamuulize shemeji?"

Wenzake wanapiga makofi kumuunga mkono. Nyamizi anapanda juu ya jiwe dogo ili wote wamwone.

"Mbele ya bhabha Mayige mwenye ardhi hii, mbele ya mgeni wetu, na mbele za Mungu anayeona gizani, nasema hivi," anatangaza. "Kila aliyefungua mlango wake, kabla ya Septemba nitamwingiza pangoni kwa mkono wangu huu. Na kwa mkono huuhuu nitamtoa."

"Hapo pa kutoa," Abubakari anapaza sauti kutoka nyuma, "parudie. Wenzangu hawajasikia."

Uwanja mzima unacheka. Nyamizi hacheki. Anavuta pumzi, anawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Nitawatoa wote," anasema. "Mmoja mmoja. Na wa mwisho kutoka nitakuwa mimi."