Tamsin Alivyomwombea Kaka Yake

Mwaka 1841, siku walipomzika baba yao, Digory Nancarrow alibadilisha kufuli la nyumba ya shamba, akamwacha mama yake mzazi mvuani. Mama akafia zizini kwa jirani. Tamsin, dada mdogo wa Digory, damu ilimchemka, lakini hakutukana, alikuwa Mkristo Mmethodisti mcha Mungu. Alingoja Jumapili.

Katika kanisa lao dogo la Cornwall, Uingereza, anayesali hakatizwi, hata viazi viungulie majumbani. Tamsin akapiga magoti, akapaza sauti: "Bwana, msamehe kaka Digory, aliyemfungia mlango mama aliyemnyonyesha!"

"Amina!" waliitikia wote. Digory naye, macho kayafumba, ikambidi aitikie.

Ikawa hivyo kila Jumapili, miaka ishirini na sita. Tamsin aliolewa, akazaa saba, akazika wawili. Sala haikupungua hata neno.

Mwishowe Digory, kichwa kimejaa mvi, akamfuata kwake akilia. "Mdogo wangu, nimetubu. Yaishe, nakuomba."

"Umetubu kweli, kaka?"

"Mungu ni shahidi wangu."

"Basi Jumapili nitamshukuru mbele ya watu," alisema Tamsin. "Nitaanzia kwenye kufuli."