Abwola na Ukuta wa Shule Mbili

Abwola alizaliwa kambini, katika nyumba za askari zilizo bondeni chini ya Bugolobi, mtaa wa kilimani jijini. Baba yake, koplo Ogwang, alitoka kaskazini akiwa kijana na hakurudi tena huko. Binti alisoma shule ya msingi ya hapo hapo kambini, akaenda chuo cha ualimu, kisha jiji likamzungusha shule baada ya shule mpaka mvi zikaanza kumtoka. Popote alipopelekwa walimpa darasa lililowashinda wengine, naye alilipokea kama mtu anayekaribishwa kiti.

Wilaya ya zamani ya elimu ya jiji ilipovunjwa na shule zake kupangwa upya, wakubwa wapya waliliona lile ambalo majirani walikuwa wakiliona siku zote. Shule ya kambini na shule ya mtaani zilitenganishwa na ukuta mmoja tu. Kambini vyumba vilikaa vitupu. Mtaani watoto walisomea nje, jua likiwachoma. Zikaunganishwa, na Abwola akafanywa mwalimu mkuu.

Jambo la kwanza, alimwita fundi atoboe ukuta na kuweka geti. Wazazi wa mtaani wakanung'unika kwamba kambi ni mahali pa fujo na Kiswahili cha askari, cha kuamrishana, ambacho wao hawakukisema nyumbani. Wa kambini nao wakasema watoto wa mtaani wamedekezwa. Abwola hakubishana na mtu. Aliwachanganya watoto. Wadogo wote aliwaweka upande wa mtaani, karibu na jiko la uji. Darasa la saba lote alilipeleka upande wa kambini, kwa mwalimu Hippolyte, Mkongo mpole aliyejua kufundisha hesabu.

Asubuhi moja, kabla ya mapumziko, Mzee Jafar alikuja na mnyororo. Alikuwa muuza mitumba wa soko la Owino na mwenyekiti wa wazazi wa mtaani, mtu wa kusikilizwa. Akalifunga geti kwa kufuli, akasimama mbele yake, mikono kifuani.

Abwola alitoka ofisini taratibu.

"Habari ya asubuhi, Mzee."

"Nzuri, Madam. Hii geti haifunguki tena. Watoto yetu watakaa huku, ya askari watakaa kule."

"Sawa. Na binti yako Sauda yuko wapi saa hizi?"

"Sauda? Yuko darasani."

"Darasa gani, Mzee? La upande upi?"

Mzee Jafar aligeuka akautazama ukuta. Darasa la saba lilikuwa kule, na uji ulikuwa huku.

"Twende tukamwone," Abwola alisema. "Tutapita barabarani, maana hapa pamefungwa."

Alisema hivyo bila kucheka, ingawa kicheko kilikuwa kimemfika kooni. Walizunguka, wakaingia kwa lango la kambi, wakaketi benchi la nyuma la darasa la saba. Ubaoni walisimama Sauda na msichana wa kambini aitwaye Aol, wakibishana juu ya hesabu ya sehemu. Sauda, ambaye nyumbani alificha daftari la hesabu chini ya godoro kwa aibu ya alama zake, alimnyang'anya mwenzake chaki.

"Wewe unagawa mbaya. Geuza hii ya chini kwanza," alimwambia, kwa Kiswahili kile kile cha kambini.

Aol akaichukua tena chaki, akageuza. Jibu likatoka. Wakapigana mabega kwa furaha, na Hippolyte akawaambia wakae.

Mzee Jafar alimwinamia Abwola.

"Hicho Kiswahili amekitoa wapi?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Kwa rafiki yake."

"Na hesabu?"

"Kwa Mwalimu Hippolyte. Na kwa rafiki yake."

Mzee Jafar alipotoka, alikwenda mwenyewe kulifungua geti. Darasa la saba likapita mbio kuelekea kwenye uji, na Sauda akashtuka kumwona baba yake ameshika mnyororo.

Si wazazi wote waliokubali; wapo waliowahamisha watoto muhula uleule, na Abwola aliwaaga kwa heshima. Lakini waliobaki walikuwa wengi, na matokeo mazuri ya mitihani ya mwisho wa mwaka yakaleta wengine wapya, wakiwemo Wakongo waliosikia habari za Hippolyte.

Mwaka uliofuata wakubwa wa elimu walimwita. Kulikuwa na shule nyingine mbili, upande wa Kalerwe, mtaa mwingine wa jiji, ambazo nazo ziligoma kuungana. Walimweleza matatizo ya shule hizo moja baada ya jingine, wakitazamia atakataa.

Abwola aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Nitaanza lini?" akauliza.