Kuna Mtu Anakuwaza

Niliponunua simu ya mkononi kwa ujira wa kuchuma zabibu Makutupora, mdogo wangu wa kike alikuwa kidato cha nne. Mimi niliishia darasa la sita, wazazi wetu walipofariki wakipishana miezi, nikabaki dada mkubwa wa nyumba. Simu ilikuwa yetu sote wawili, lakini hasa niliinunua ili msimamizi wa shamba anibipu.

Alibipu alfajiri, watu wengi kwa mpigo. Aliyewahi kumpigia aliandikwa jina. Lori likijaa, basi. Kwa hiyo kila jioni nilikwangua vocha ndogo, nikalala na salio la kutosha simu moja fupi.

Msimu wa kupogoa mizabibu ulipoanza, salio likawa halifiki asubuhi. Msimamizi anabipu, napiga, sauti inaniambia salio halitoshi. Siku ya tatu lori lilinipita nikiwa na ndoo kichwani. Jioni jirani akaniletea ujumbe wa msimamizi: nikikosa tena, nafasi yangu anapewa mwingine. Nafasi hiyo ndiyo iliyomweka mdogo wangu shuleni.

Tena kila alfajiri, kabla ya kubipiwa, uliingia ujumbe. "Leo mwambie mpenzi wako neno zuri." Kesho yake: "Usimfiche unavyompenda." Ulitoka namba ya tarakimu tano tu. Mtaa wetu wa Nkuhungu ulikuwa umejaa wapangaji watumishi wa Bunge, na nilishasikia wakitajiana namba za ofisini, fupi fupi vile. Nikaona nimeshajua. Yupo mtumishi mwenye tai anamwandikia mdogo wangu, naye anampigia kwa salio langu wakati mimi niko uani nawasha moto.

Ningesema niliogopea masomo yake. Kweli niliogopa, lakini si hilo lililonichoma. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na hakuna mtu aliyewahi kuniandikia hata mstari mmoja. Nilimwangalia akichana nywele mbele ya kioo cha mama, nikahesabu kila sare niliyomfulia, nikamchukia kwa shingo yake nzuri.

"Huyo bwana wako mwambie anunue vocha yake," nikamwambia.

"Bwana gani, dada?"

"Wa namba fupi. Usinifanye mjinga kwa kuwa unasoma."

Alisoma ujumbe ule, akacheka. Nikanyanyua mwiko.

"Dada, ngoja! Huyu si mtu. Ni huduma, watu wanajiunga, halafu wanakatwa salio kila siku. Nani alijiunga?"

"Wewe."

Alibonyeza vitufe akafika kwenye ujumbe uliopokelewa zamani: "Habari yako. Kuna mtu anakuwaza. Jibu NDIYO umjue." Akafungua uliotumwa. Nilijua kilichokuwemo kabla hajasoma, lakini alisoma kwa sauti:

"Ndiyo, shikamoo. Nashukuru kwa kunikumbuka."

Ningeachaje kujibu? Mtu amekujulia hali. Na sikujua umri wake, ndiyo maana nikamwamkia.

"Jamani, dada yangu! Umeiamkia mashine!" Alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akaniona uso. "Ulidhani ni nani?"

"Sikudhani mtu."

Akaandika neno ONDOA, akatuma, ukarudi ujumbe kwamba nimejitoa. Haikufika dakika moja. Siku tatu za kazi zilikuwa zimenipotea, naye alilimaliza jambo kwa kidole gumba. Hilo nalo nililionea wivu.

Alfajiri iliyofuata nilikaa na simu mapajani. Hakuna ujumbe ulioingia. Msimamizi alipobipu nilipiga papo hapo.

"Leo umeamka?" akasema.

"Shikamoo mzee. Nimeamka."

"Marahaba. Panda lori."

Mdogo wangu alikuwa amefungasha viazi vyangu kwenye kitambaa, bado ana usingizi. Nilitaka kumwomba radhi kwa ule mwiko, nikasema tu asichelewe kuhesabiwa namba shuleni. Kwenye lori wenzangu waliimba. Mimi niliitoa simu mfukoni mara mbili, nikaangalia kama kuna kitu.