Maua Dume ya Mama Pacha

Shangazi yangu hasahau, na mimi sijawahi kuuona ubaya wake. Wapo watu wanaosifiwa mtaani kwa moyo mweupe. Ukiwachunguza utakuta hakuna aliyewahi kuwafanyia jambo la maana. Shangazi alifanyiwa.

Kazi yake ilikuwa kupiga pasi kwa dobi, karibu maisha yake yote. Alianza na zile pasi nzito za kutia makaa, na mkono wake wa kulia una makovu kuanzia kifundo mpaka kiwiko. Hata baada ya kustaafu, mashati ya nyumbani kwetu ananyoosha yeye, na baba, ambaye ni kaka yake, anasema anaogopa kukaa chini asije akaharibu kazi ya watu. Hakuolewa. Alibaki na sisi, akanilea mimi, na nyuma ya nyumba akalima bustani: nyanya, mchicha, bamia, na maboga yaliyotambaa mpaka chini ya kamba ya nguo.

Upande wa pili wa ukuta anaishi Mama Pacha, shoga yake tangu usichana. Ukuta una pengo. Waliyatoa matofali wenyewe, ili wasizunguke barabarani kila wanapotaka kuazimana chumvi. Kwenye pengo hilo zimepita sahani, wamepita watoto, na umepita umbea wa mtaa mzima.

Mvua zilikuwa zimekatika, kiangazi ndiyo kwanza kinaanza, Shangazi alipokwenda kwa dobi kuwasalimia wenzake wa zamani. Akamkuta mama mmoja ameleta mapazia. Wakatazamana, wakakumbukana. Alikuwa dada wa fundi saa.

Huyo fundi saa ndiye aliyetaka kumwoa Shangazi enzi zile. Alikuwa na kibanda mkabala na dobi, na mambo yalifika mahali mama yake alishaanza kumwita Shangazi mkwe. Kisha akaacha kuja. Hakukuwa na neno wala ugomvi, akaenda kuoa kwingine. Shangazi alijipa jibu mwenyewe: ni haya makovu. Tangu hapo hakuvaa tena mikono mifupi, hata mbele ya moto wa pasi, na mimi nimekua nikidhani ni heshima tu.

Yule dada, huku anakunja risiti ya mapazia yake, akamwambia bila nia mbaya, "Sisi tulikupenda, wifi. Ila Mama aliambiwa kwamba kule hospitali ulitolewa kizazi. Akaona mwanawe atakosa watoto."

"Aliambiwa na nani?"

"Na yule rafiki yako aliyekupeleka. Si ndiye mwenye wale pacha?"

Ukweli ni kwamba hospitalini enzi zile Shangazi alitolewa kidole tumbo tu. Mama Pacha alikaa naye wodini, na hicho kidole chenyewe alikiona kwa macho yake, kimetiwa kwenye chupa.

Aliporudi nyumbani hakulia. Alioga, akatoka na blauzi ya mikono mifupi, akaketi jikoni kunisimulia kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya vitunguu. Mimi damu yangu huchemka upesi. Nikamwambia twende sasa hivi tukamtoe nje.

"Tulia," akasema. "Nikimpigia kelele atalia. Akilia nitambembeleza, na mwisho wake mimi ndiye nitaomba radhi. Namjua yule."

Sasa, kiangazi hicho hicho Mama Pacha alikuwa amepagawa na maboga. Binti zake pacha wanaishi mbali, walikuwa wanakuja likizo, na mkubwa angekuja na watoto wake. Mama Pacha alishawaahidi wajukuu kwamba kila mmoja atachuma boga lake kwa mkono wake. Yeye hakuwahi kulima hata kitunguu. Mbegu alipewa na Shangazi, mashimo alichimbiwa na Shangazi, samadi ilitoka kwetu, na kwa kuwa goti linamsumbua, hata kumwagilia alikuwa anamwagilia Shangazi. Yote hayo yalianza kabla ya habari ya mapazia. Mimea ilikuwa imetambaa vizuri, majani mapana, maua yameanza kufunguka.

Kwa asiyejua, mmea wa boga hutoa maua ya aina mbili. Ua dume lina kikonyo kirefu na unga wa njano katikati. Ua jike limekalia kiboga kidogo, chenye ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Yote hufunguka asubuhi na mapema, na jua likishakuwa kali yanajifunga. Nyuki asipochukua unga kwa dume akaupeleka kwa jike asubuhi hiyo, basi kile kiboga hugeuka rangi, kinaoza, kinaanguka.

Shangazi alichukua ndoo ya maji mkono mmoja na bakuli mkono wa pili, akapita pengoni. Alimwagilia shina moja moja, taratibu, wala hakuyalowesha majani. Kisha akachuma maua dume yote. Majike hakuyagusa.

Kesho yake nikamkuta upande wetu anang'oa maboga yake mwenyewe, yaliyokwisha kushika matunda.

"Haya nayo yamekukosea nini?"

"Nyuki hawajui ukuta, watampelekea unga wa kwetu," akasema, akavuta shina lingine.

Hapo nikaelewa kwamba hana utani. Kiangazi chote kile hatukula boga. Nilichukua jembe nikamsaidia, na nilifurahi, siwezi kudanganya.

Yale maua aliyakaanga na kitunguu, na mchana akampelekea Mama Pacha bakuli.

"Matamu haya," Mama Pacha akasema, anafuta mafuta mdomoni. "Umeyatoa wapi?"

"Kwako."

"Kumbe yanaliwa. Basi wewe chuma tu, mwenzangu, si yanaanguka bure."

"Nitachuma," akasema Shangazi.

Mimi nilikimbilia chumbani nikaziba mdomo kwa mto. Tangu siku hiyo kazi ilifanyika kweupe, kwa ruhusa ya mwenye shamba, naye analetewa mboga mezani na kushukuru.

Viboga vikawa vinatokea, vinageuka njano, vinaanguka. Mama Pacha akaongeza maji. Akaongeza samadi mpaka uani kukawa hakupitiki kwa harufu. Akamfukuza paka, akamshuku kila aliyesimama getini akasema bustani imependeza. Mwishowe akaja kwetu na kiboga kilichooza kiganjani, anakitazama kama mtu aliyeletewa chenji isiyo yake.

"Maua yote yale, na hakuna kinachoshika. Tatizo ni nini?"

"Labda mimea yako haina kizazi," Shangazi akasema, macho yake usoni pa mwenzake.

Nilikuwa nachambua mchicha, nikaacha. Tulimtazama sote wawili, tukisubiri ashtuke, walau kope zicheze. Wapi.

"Mimea nayo huwa hivyo?" akauliza.

Siku chache baadaye alikuja analia, na safari hii hayakuwa maboga. Pacha mdogo ameolewa miaka mingi na hajapata mtoto. Mawifi zake walikuwa wamemwambia mezani, mbele ya wageni, kwamba kaka yao analisha mti usiozaa.

"Mtu anapata wapi ujasiri wa kusema hivyo juu ya mtoto wa mwenzake?" Mama Pacha akasema. "Moyo gani huo?"

Shangazi alimpa kitambaa, akammiminia chai, akamsikiliza mpaka alipomaliza. Mama Pacha alipoondoka, Shangazi akakusanya vikombe.

"Kumbe analijua," akasema. "Analijua linavyouma."

Asubuhi iliyofuata alichuma hata vitumba vya madume ambavyo havijafunguka. Nilimwogopa kidogo siku hiyo, na nikampenda zaidi.

Wageni walipokaribia, Mama Pacha alikata tamaa. Tulimkuta ameinama na panga mkononi, anataka kuikata mimea yote aitupe.

"Usiikate, haina kosa," Shangazi akasema. "Ni mimi." Akamweleza habari ya dume na jike, ya nyuki, ya bakuli la maua.

Mama Pacha aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Kwa nini, shoga yangu?"

"Ulimwambia mama wa fundi saa kwamba nimetolewa kizazi."

Akafikiri. Nilikuwepo, na naweza kula kiapo kwamba alifikiri kweli, paji la uso limejikunja.

"Mimi? Lini hiyo? Mbona sikumbuki. Labda nilisema, maana enzi zile tulikuwa tunasema mengi." Kisha akaigeukia mimea yake. "Sasa ukiacha kuchuma leo, yatawahi? Wajukuu wanaingia Jumamosi."

Shangazi alirudi pengoni. Alipofika jikoni akavuta kiti, akaketi.

"Hakumbuki," akaniambia. "Nimejificha ndani ya mikono mirefu ujana wangu wote, na yeye hata hakumbuki."

Nilitaka kulia kwa hasira. Kumbe kazi yote ile tulikuwa tunapiga gunia lisilosikia maumivu.

Jumamosi wakaja. Walitandika mkeka uani na kula nje, na sisi upande wetu tunasikia kila kijiko. Wajukuu wakauliza maboga. Mama Pacha, ambaye mdomo wake hauna breki, akawasimulia kisa chote kama mtu aliyeonewa: jirani kaniharibia bustani, tena mtu niliyemwamini, na yote kwa sababu ya maneno ya zamani kuhusu mchumba na kizazi. Watoto wakacheka. Ndipo tukasikia sauti ya pacha mdogo.

"Ulisema hivyo, Mama?"

"Yalikuwa mambo ya ujana."

"Ulikwenda kwa mama wa watu ukasema mwenzako hazai?"

"Sikuwa na nia mbaya, mwanangu."

"Mawifi zangu nao wanasema hawana nia mbaya."

Sahani ikawekwa chini. Baadaye kidogo yule binti akatokea pengoni na mkoba wake begani, ule ule aliokuja nao, hata hajaufungua. Akaja moja kwa moja mpaka kwenye miche ya nyanya tulipokuwa, akamwamkia Shangazi.

"Shikamoo, Shangazi. Ni kweli alisema?"

"Marahaba, mwanangu. Ni kweli."

"Na uliposikia, ulimwambia nini?"

"Sikumwambia kitu. Nilichuma maua."

Binti akautazama ule mkono wenye makovu, akaushika kwa mikono yake miwili, akauachia. Akaomba apite ndani kwetu atokee mlango wa mbele, kwa sababu hakutaka kupita mbele ya mama yake. Shangazi hakumzuia. Alimfungulia tu mlango.

Haukupita muda Mama Pacha akaja pengoni, kitambaa cha kichwa kimeanguka mabegani, anauburuta mguu wenye goti bovu. 

"Ameondoka bila kuniaga. Nampigia simu anakata. Shoga yangu, mkimbilie, bado yuko kituoni. Mimi hataki hata kuniona. Wewe atakusikiliza."

Shangazi alikuwa anafunga mche wa nyanya kwenye kijiti. Alimaliza fundo lake kwanza.

"Na mama wa fundi saa alikusikiliza wewe," akasema.

Nilikuwa namtazama, na safari hii nililiona neno lile likimwingia. Mama Pacha alishika ukingo wa ukuta kwa mikono yote miwili. Shangazi akakata kipande kingine cha kamba, akahamia kwenye mche unaofuata. Mama Pacha alikuwa amesimamia mguu mmoja kulipumzisha goti lake, na kiti kilikuwa pale pembeni yangu, kitupu. Sikumsogezea.