Mama Aliposimama Kumwitikia Dada

Jamani, kuna aibu ya mtu mmoja na kuna aibu ya ukumbi mzima. Yangu ilikuwa ya ukumbi mzima.

Ilikuwa fainali ya ligi ya midahalo ya shule za sekondari. Kila mwaka, kabla wanafunzi hawajaanza kurushiana hoja, wenyeviti wa zamani huitwa kuanzia wa kwanza. Aliye hai husimama na kusema, "Nipo." Aliyefariki, ndugu zake humwitikia, "Yupo."

Dada yangu, wenzake walimwita Hoja, ndiye aliyeianzisha ligi ile akiwa mwanafunzi. Tulimzika mwaka jana. Mama alikuja kumwitikia.

"Mwenyekiti wa kwanza!"

Mama huyo, wima! Hata jina halijatajwa.

Likatajwa la mwingine. Mwanasheria mmoja, zamani yeye na dada walikuwa chanda na pete.

"Nipo," akasema. Mama kaganda kasimama. Wanafunzi wa nyuma wakacheka.

Damu ikanichemka. Nikamfuata mwanasheria hadi kitini pake.

"Mlimfukuza dada yangu, sasa mnamfuta kabisa?"

Akashangaa. "Nani kamfukuza? Mdogo wangu, Hoja alijiuzulu. Asiyemaliza mwaka wake wa uenyekiti haitwi, ndiyo kanuni yetu. Mimi nilimmalizia."

"Alijiuzulu wapi! Alilia mpaka macho yakavimba. Alisema mmemkataa, na wewe ndiye kinara. Kafa hakusalimii!"

"Nami nilijua kanitupa," akasema taratibu. "Mama yenu ndiye aliyetuletea ujumbe kwamba Hoja hataki tena."

Sote tukamgeukia mama, bado kasimama safu ya nyuma yetu.

Akakaa.

"Mitihani ilikuwa imekaribia," akasema. "Kutwa midahalo, vitabu hashiki. Nyie nikawaambia kajitoa. Yeye nikamwambia mmemkataa. Nilijua mtapatana tu. Watoto hugombana asubuhi, jioni wanacheza."

Hawakupatana. Mitihani dada alifaulu, tena vizuri sana. Ila tangu hapo hakumwamini rafiki yeyote, na mimi miaka yote nilidhani ni kiburi chake.

Mwanasheria akafuta machozi, akaenda kuchukua kipaza sauti.

"Nisameheni," akauambia ukumbi. "Mwenyekiti wa kwanza si mimi. Ni Hoja."

Akamtazama mama, akingoja.

"Mama, itikia," nikamnong'oneza.

Akatikisa kichwa. "Sistahili, mwanangu. Itikia wewe."

"Yupo!" nikasema. Sauti ikakatika, nikalia mbele za watu, mtu mzima na ndevu zangu.

Nampenda mama. Lakini tangu siku ile nikikaa naye mezani, chakula hakipiti.

Wazazi, najua mnasema uongo mdogo kwa nia njema. Mtihani mtoto akifeli, atarudia. Mkimgombanisha na rafiki yake, mmoja akatangulia, mtampatanisha na nani?